Baiskeli ya maonyesho haibebi mkaa!

LEO naomba nianze kwa kujitia aibu mwenyewe.

Mjomba wangu alikuwa na baiskeli aina ya Phoenix, nyeusi, ya zamani. Rangi imebanduka, kengele haipo, madigadi ya nyuma yamefungwa kwa waya. Kwa baiskeli hiyo alikuwa akishusha mkaa kutoka upande wa Kisarawe kuja Gongo la Mboto, magunia mawili kila safari, na kwa mkaa huo watoto wake watatu wanakula na kwenda shule. Mimi kijana wa mjini, niliyemaliza form four na kujiona najua mambo, nikawa naiona ile Phoenix kama balaa. Kila mjomba akifika kibarazani jasho linamtiririka, namwambia, "Mjomba, hili lichuma limepitwa na wakati. Subiri nikutafutie kitu cha kisasa."

Na kweli nikamtafutia. Katika duka moja ambalo jina lake naliweka kapuni, nikakuta baiskeli ya kijivu inang'aa kama kioo. Haikuwa na ile fremu ya pembetatu tuliyoizoea. Ilikuwa na bomba moja tu nene, limepinda kama upinde kutoka kwenye usukani hadi gurudumu la nyuma. Muuzaji akanipa somo, eti mchoro wake umetoka Ulaya, ni mambo ya sanaa ya kisasa, hakuna cha ziada wala cha kupunguza. Mimi huyo, mdomo wazi! Mjomba akaiuza Phoenix kwa jirani, akaongezea na akiba yake yote, tukanunua. Kijiweni walitupigia makofi.

Siku ya kwanza mambo yalikuwa shwari, kwa sababu hakubeba kitu. Siku ya pili ikagundulika kwamba keria haina pa kufungwa, fundi akachomelea vipande vya nondo. Siku ya tatu, akiwa na gunia moja tu, kwenye mteremko, lile bomba zuri likakatika. Mjomba akatupwa mtaroni, baiskeli kule, mkaa kule. Lori lililokuwa nyuma yake lilimkosa kwa hatua mbili. Goti lilivimba, na kwa wiki tano hakuingiza hata senti. Binti yake aliye sekondari akawa anabaki nyumbani kwa kukosa nauli.

Bwana wee, mjomba hakunigombeza hata kidogo. Aliniuliza swali moja tu, tena kwa upole: "Hivi mjomba, huyo aliyeichora ile baiskeli, yeye hubeba nini?"

Swali hilo lilininyima usingizi. Nikaanza kupekua vitabu ili nijue haya mambo ya sanaa ya kisasa na baiskeli yalianzia wapi. Nilichokikuta, msomaji wangu, ni kichekesho kitupu, maana kumbe tulikuwa tumekishika kitabu juu chini.

KITI KILICHOZALIWA NA USUKANI

Twende Ujerumani. Mwaka 1919, katika mji wa Weimar, msanifu majengo aitwaye Walter Gropius alianzisha shule iliyoitwa Bauhaus. Mwaka 1925 shule hiyo ikahamia mji wa Dessau, na mwaka 1933 ikafungwa kwa shinikizo la Manazi. Iliishi miaka 14 tu, lakini mpaka leo viti, taa, herufi na majengo mengi duniani yanafuata yaliyofundishwa pale. Walikuwa wanapinga manakshi ya bure. Walitaka kitu kiwe na umbo linalotokana na kazi yake na malighafi yake, basi. Hoja hiyo haikuanza na wao, kwani mwaka 1896 msanifu wa Marekani, Louis Sullivan, aliyekuwa akijenga maghorofa, alikwishaandika kwamba umbo la kitu hufuata kazi ya kitu hicho.

Sasa pale Bauhaus kulikuwa na kijana mmoja kutoka Hungary, Marcel Breuer, fundi wa samani, umri wake miaka 23 hivi. Mwaka 1925 kijana huyu akajinunulia baiskeli aina ya Adler. Akawa anaiendesha, na kila akiiendesha anatazama usukani wake. Bomba la chuma, jepesi, tupu ndani, limekunjwa wala halikupasuka, na linabeba uzito wa mtu bila kulalamika. Akajiuliza, kama bomba hili linaweza kazi yote hii barabarani, kwa nini lisiwe kiti?

Breuer mwenyewe alisimulia baadaye kwamba aliwaendea wenye kiwanda cha Adler na wazo lake, wakamwona hamnazo. Akatafuta mabomba mahali pengine, akamchukua fundi bomba amsaidie kuunganisha, akatengeneza kiti cha mabomba yaliyokunjwa chenye vitambaa vilivyovutwa kwa ajili ya kukalia na kuegemea. Leo kiti hicho kinaitwa Wassily, kwa jina la mchoraji Wassily Kandinsky aliyekuwa mwalimu hapohapo. Bado kinatengenezwa na kuuzwa, na kila kiti cha mabomba ulichowahi kukalia, iwe ofisini, saluni au kwenye ukumbi wa harusi, kina undugu nacho.

Umeona mambo hayo? Si baiskeli iliyokwenda kujifunza uzuri kwa wasanii. Wasanii ndio waliokwenda kujifunza uzuri kwenye baiskeli! Muuzaji wangu alinigeuzia hadithi.

BAISKELI ILIKUWA IMEKWISHA KUKAMILIKA

Kwani baiskeli hiyo iliyomshangaza Breuer nani aliichora? Jibu ni kwamba hakuna msanii hata mmoja. Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley wa mji wa Coventry alitoa baiskeli iitwayo Rover, yenye magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Kabla ya hapo watu walikuwa wanapanda baiskeli zenye gurudumu kubwa la mbele, urefu wa mtu, ukianguka unaangukia kichwa. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, akapata hati ya tairi la upepo. Karibu na mwaka 1890 mafundi wakawa wamefikia ile fremu ya pembetatu mbili zilizobebana. Hiyohiyo ndiyo Phoenix ya mjomba wangu.

Kwa nini pembetatu? Jaribu hapo ulipo. Chukua vijiti vinne, vifunge pembe kwa kamba viwe mraba, kisha usukume upande mmoja. Mraba utalala kama mlevi. Sasa chukua vijiti vitatu, vifunge, sukuma. Havilali ng'o! Mpaka kijiti chenyewe kivunjike au kipinde. Ndiyo maana mafundi wa paa wanapenda pembetatu, ndiyo maana madaraja ya reli yamejaa pembetatu. Bomba moja lililopinda kama la baiskeli yangu ya kijivu halina msaada wa ndugu. Kila uzito linaubeba peke yake, kila shimo la barabarani linalikunja na kulikunjua, na chuma kinachokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mwisho wake ni kukatika. Ukiweka pale na joto la kuchomelea, umekimaliza.

Baiskeli za Raleigh kutoka Nottingham, Uingereza, ndizo zilizoutembeza mtindo huo katika sehemu nyingi za dunia, na baadaye Phoenix za Shanghai pamoja na Hero, Avon na Atlas za India zikafuata ramani ileile. Magurudumu ya inchi 28 ili yasizame kwenye mashimo. Fremu ndefu ili ukae wima na keria ipate nafasi. Mabomba mazito, maana mwenye kiwanda alijua mnunuzi hatapanda peke yake. Hakuna aliyekaa chini akasema "nichore kitu kizuri." Walisema "nichore kitu kisichovunjika," uzuri ukaja wenyewe kama nyongeza ya sokoni.

WALIOIONDOA BARABARANI

Wasanii wengine waliichukua baiskeli kwa namna yao. Mwaka 1913, Paris, Mfaransa Marcel Duchamp alichukua gurudumu la baiskeli akalichomeka juu ya stuli ya jikoni, likageuka kitu cha kutazama likizunguka. La awali lilipotea, lakini alilolirudia mwaka 1951 lipo kwenye jumba la sanaa la MoMA, New York. Mwaka 1942 Pablo Picasso naye alichukua kiti cha baiskeli na usukani wake, akaviunganisha, pakatokea kichwa cha ng'ombe dume na pembe zake. Ukikiona huwezi kubisha, ni ng'ombe kabisa!

Mimi sina ugomvi na hao. Hawakumuuzia mtu gurudumu lililo juu ya stuli wakamwambia apakie mkaa. Walijua kwamba wakishaibadilisha kuwa sanaa, baiskeli imestaafu. Matatizo yanaanza pale mtu anapotaka vyote viwili, sanamu na usafiri, halafu anaanza na sanamu.

WALIOCHEMSHA

Mfano wa kwanza ni Mwingereza Benjamin Bowden, mchoraji wa bodi za magari. Mwaka 1946, vita vimekwisha, Uingereza ilifanya maonyesho makubwa ya bidhaa kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Bowden akaweka pale baiskeli ya kesho. Ilikuwa imeviringwa, laini, haina kona, kama samaki anayeruka. Katika mchoro wake alitaka iwe na mtambo wa kuhifadhi nguvu wakati wa kuteremka na kukusukuma wakati wa kupanda. Watu walijazana kuitazama. Wenye viwanda nao walitazama, wakapiga hesabu ya mashine mpya zitakazohitajika, wakaondoka kimyakimya.

Bowden hakukata tamaa. Alihamia Marekani, na mwaka 1960 baiskeli yake ikatoka kwa jina la Spacelander, safari hii bodi yake ikiwa ya faiba na ule mtambo wa kuhifadhi nguvu ukiwa umeachwa. Bei yake ilikuwa dola 89 na senti 50, moja ya baiskeli ghali kuliko zote sokoni wakati ule. Faiba yenyewe ikawa rahisi kupasuka. Ziliuzwa mia tano na ushee tu, biashara ikafa. Leo matajiri wanaozikusanya wananunua moja kwa maelfu ya dola, na kuna iliyowekwa kwenye jumba la makumbusho la Brooklyn. Yaani iliandikiwa kutazamwa tangu siku ya kwanza, nayo imerudi kutazamwa.

Mfano wa pili ni wa Uswidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikatoka baiskeli iitwayo Itera, ya plastiki karibu yote. Fremu plastiki, magurudumu plastiki. Hoja ilikuwa tamu, kwamba dunia ya kisasa inataka malighafi ya kisasa. Mnunuzi alikuwa anapelekewa vipande akaunge mwenyewe nyumbani. Zilitengenezwa kama 30,000 hivi, na mwaka 1985 mradi ukafungwa. Plastiki ilikuwa inanepa ukikanyaga pedeli, kwa hiyo nguvu ya miguu inaishia kwenye kuikunja fremu badala ya kwenda mbele. Kikiharibika kipuri, fundi wa mtaani hana cha kukusaidia.

Lakini ngoja, usicheke haraka. Nyingi ya zilizobaki zilipelekwa visiwa vya Karibiani, na huko zikapata wapenzi. Unajua kwa nini? Hewa ya chumvi! Mtu wa pwani yoyote, Tanga, Lamu au Unguja, anajua kutu inavyokula baiskeli. Plastiki haili kutu. Kitu kilekile kilichokuwa kituko Uswidi kikawa na maana mahali penye kazi inayokifaa. Kwa hiyo kosa halikuwa plastiki. Kosa lilikuwa kusahau kuuliza nani atapanda, wapi, na amebeba nini.

SI KILA KIOJA NI KIBOVU

Hapa naomba tuelewane, nisije nikaonekana mzee wa kijijini anayekataa kila kipya. Zipo baiskeli za sura ya ajabu zilizofanya kazi ikaonekana.

Mwaka 1962, injinia Alex Moulton wa Uingereza, yuleyule aliyebuni springi za mpira za gari dogo la Mini, alizindua baiskeli yenye magurudumu madogo ya inchi 16, springi mbele na nyuma, na fremu ya chini isiyo na bomba la juu. Watu walicheka, wakaiona kama ya mtoto. Lakini kila kioja kilikuwa na sababu. Magurudumu madogo yaliacha nafasi ya mizigo mbele na nyuma. Springi zilikuwepo kwa sababu gurudumu dogo linadunda. Fremu ya chini ilimwezesha mama mwenye gauni, baba na kijana kupanda baiskeli moja. Desemba mwaka huohuo mkimbizaji John Woodburn akaitumia kuvunja rekodi ya kutoka Cardiff hadi London. Kicheko kikaisha! Wasanifu majengo wakaipenda mno, na mhakiki wao maarufu, Reyner Banham, alikuwa akiizungusha mitaani London na kuiandika. Waliipenda kwa sababu ilikuwa na hoja kwenye kila bomba.

Mwingine ni Chris Boardman. Kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992 alitokea na baiskeli nyeusi ya Lotus, iliyobuniwa na Mike Burrows, ya nyuzi za kaboni, haina pembetatu, kama bawa la ndege. Kwenye fainali ya mita 4,000 alimfikia mpinzani wake, Mjerumani Jens Lehmann, wakati wawili hao walianza pande mbili tofauti za uwanja! Medali ya dhahabu. Ilikuwa na sura ile kwa sababu kazi yake ilikuwa moja tu, kuupasua upepo kwenye uwanja laini kwa dakika nne na ushee. Baadaye chama cha baiskeli cha dunia, UCI, kikairudisha pembetatu kwa sheria, na kuanzia mwaka 2000 fremu za namna ile zikazuiwa mashindanoni. Hata hivyo hakuna aliyeweza kusema haikufanya kazi yake.

Na kama ni rangi tu, rangi haijawahi kumvunja mtu goti. Timu ya Ufaransa ya La Vie Claire, iliyoanza mwaka 1984, ilivaa jezi zenye miraba ya nyekundu, njano na buluu na mistari myeusi, mtindo uliochukuliwa kwa mchoraji wa Uholanzi Piet Mondrian, aliyefariki mwaka 1944. Bernard Hinault alishinda Tour de France mwaka 1985 akiwa na timu hiyo, na mwaka 1986 akashinda Greg LeMond. Wakapendeza na wakashinda. Sanaa ilikaa kwenye shati, pembetatu ikabaki kwenye fremu, kila mtu na kazi yake.

WENZETU WA GOMA

Tukirudi kwetu Afrika, pale Goma, Congo, wenzetu wanaoongea Kiswahili kama sisi wana chombo kinachoitwa chukudu. Ni cha mbao, magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira, usukani, hakina pedeli wala mnyororo. Mteremko unakiendesha, mlimani unakisukuma. Kinabeba magunia ya viazi, kabichi, mkaa na kuni, mamia ya kilo kwa safari moja. Aliyekibuni hakwenda Bauhaus. Lakini kitazame vizuri, hakuna ubao hata mmoja usiokuwa na kazi. Wale Wajerumani wa Dessau wangekiona nadhani wangekivulia kofia.

Na watu wa Goma wamemjengea sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu msukuma chukudu, katikati ya mji. Hapo ndipo nilipoona utaratibu mzuri wa mambo. Kazi ilitangulia, sanamu ikafuata.

UKIENDA DUKANI

Kwa hiyo wewe unayetaka kununua baiskeli ya kazi, usifanye kama mimi. Muuzaji akikuonyesha urembo, mwache amalize. Kisha uliza: keria inafungwa wapi? Tairi na spoku za saizi hii fundi wa mtaani kwangu anazo? Hili bomba likipinda nani atalinyoosha? Halafu mtu mzima akalie nyuma, wewe ukae mbele, uone kama inanepa. Akikukatalia hiyo ya mwisho, aga kwa heshima uondoke.

Mjomba amekwishapona. Tulikwenda kwa jirani kuikomboa Phoenix, na jirani, hana hata soni, akatuongezea bei juu ya ile aliyonunulia. Tukalipa. Nusu ya pesa imetoka kwangu, kwa malipo ya makala kama haya, na deni lililobaki nalilipa kidogokidogo. Binti amerudi darasani.

Ile ya kijivu bado ipo, imetundikwa ukutani nje ya banda la kuku. Juzi nilimkuta mjomba kaitundikia shati lake la kazi na kapu la vitunguu. Nikamuuliza mbona haiuzi chuma chakavu.

"Niuze ya nini?" akanijibu. "Si sasa ndiyo imeanza kubeba!"